Upepo wa Baridi Haukuulizi Kwenu ni Wapi

Jumapili iliyopita nilimaliza mbio. Naanza na hilo kwa sababu mwaka jana sikumaliza, na wengi wenu mlinitumia pole ambazo sikuzijibu. Niliona haya. Juzi tena dada mmoja aliyeko Leicester ameniandikia: "Dada, nimejiandikisha mbio za nyika za kandokando ya bahari mwezi wa pili. Mimi mtu wa Tanga, baridi yenyewe naivumilia kwa shida. Nianzie wapi?" Basi haya ni yake, na ya kila mmoja wenu anayetamani kubandika namba kifuani majira haya. Najua mko wengi.

Mbio zangu ni za Sussex, kusini mwa Uingereza, kwenye yale magenge meupe ya chaki yaitwayo Seven Sisters. Mnaanzia Exceat, mnafuata mto Cuckmere unaojipindapinda hadi baharini, mnakatiza ufuo wa kokoto, halafu mnaparamia genge la kwanza, Haven Brow, ambalo ndilo refu kupita wenzake: mita 77 juu ya bahari. Mkishafika juu mnateremka bondeni, mnapanda tena, mnateremka tena, mpaka Birling Gap. Jina linasema ni dada saba, lakini ukihesabu vilele utapata vinane. Kurudi ni kwa ndani, kupitia msitu wa Friston. Jumla kama kilomita 12.

Mwaka jana nilivaa fulana ya pamba na mtandio niliobana kwa pini. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu, lakini upepo ulitoka kusini-magharibi, moja kwa moja baharini. Kabla ya kuanza, mtu mmoja wa klabu alisema mbele ya wote, "Leo tuna Mkenya, tumeshinda." Watu wakacheka, nami nikacheka. Maneno yale yakanishuka miguuni. Mimi ni mtoto wa Likoni, Mombasa, pwani kabisa. Iten, ule mji wa milimani wa wakimbiaji maarufu wa Kenya, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kwetu mlima niliouzoea ni ule mteremko wa kuingilia feri. Lakini nilitoka mbio kama niliyetumwa na taifa zima.

Kokoto zilinimaliza. Unakanyaga, mguu unazama, unausukuma, unarudi nyuma. Nilipofika chini ya Haven Brow mapaja yalikuwa yamekwisha. Juu huko mtandio ulichomoka ukawa unanichapa machoni, na nilipojaribu kuubana vidole havikushika. Nilitetemeka sana, kisha nikaacha kutetemeka, nikadhani nimepata nafuu. Kumbe hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwili umeshachoka kujipasha moto. Mhudumu aliniuliza jina, ulimi ukawa mzito. Wakanifunga blanketi, wakanipakia garini. Mama mmoja wa huduma ya kwanza ndiye aliyenibandua namba, pini moja moja, kwa vile mikono yangu ilikuwa kama si yangu.

Na yule mtu wa klabu akasema, "Nilidhani Wakenya hawachoki." Mwaka umepita, na bado linaniuma nikiliandika.

Ningetaka kumwambia nilichokiona kwa macho yangu nikiwa msichana. Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikuja Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulioko kando ya bahari. Baba alitupeleka. Kenya ilikuwa na sifa ya kutwaa ubingwa wa timu ya wanaume mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003, nasi tulikwenda kushangilia. Jua lile, na lile fukuto letu la Machi! Wanariadha walikuwa wanaanguka nyasini. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyeshinda mbio ndefu na fupi za mashindano hayo kila mwaka tangu 2002 hadi 2006, aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho. Akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Hakuna hata mmoja pale aliyemuuliza Bekele ni Mhabeshi gani huyo. Watu walisema joto lilikuwa kali, basi. Mimi upande wangu ilikuwa baridi.

Kwa hiyo dada wa Tanga, nianze na nguo, maana ndizo zilizoniangusha. Pamba usiivae. Ikilowa inashika maji, na upepo ukiipiga inakunyang'anya joto lote. Vaa fulana nyembamba ya sufu au ya kitambaa cha michezo, ikubane mwilini, juu yake koti jepesi la kuzuia upepo. Glavu, hata kama wenzako hawana. Kama unajistiri, nunua hijabu ya michezo ya kuvaa kichwani moja kwa moja, isiyo na pini. Mimi sasa navaa hiyo, na masikio hayajaniuma tena.

Pili, kokoto. Kazifanyie mazoezi. Kila Jumamosi kuanzia mwezi wa kumi nilikwenda ufuoni, nikajifunza kupiga hatua fupi fupi, na kukanyaga palepale alipokanyaga wa mbele yangu, kwa maana pameshashindiliwa. Hatua fupi, narudia. Ukirefusha hatua kwenye kokoto umeumia. Lakini tafadhali usifanye mazoezi chini ya magenge. Maji ya huku hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ya kwetu, na bamvua likija linafika hadi kwenye ukuta wa genge. Huna pa kukimbilia. Chaki yenyewe humeguka. Mnara wa zamani wa taa wa Belle Tout, karibu na hapo, mwaka 1999 ulibidi usukumwe mzima mzima mita 17 kurudi ndani, kwa sababu genge lilikuwa linaliwa. Ukiwa juu pia kaa mbali na ukingo. Picha utapigwa siku nyingine.

Tatu, usikimbie kwa maneno ya watu. Hili nalisema kwa uchungu. Mtu akikuambia mbele za watu kwamba wewe wa kutoka Afrika Mashariki utashinda, mshukuru, kisha anza taratibu. Sikiliza pumzi yako. Kwenye mlima tembea ikibidi, mikono juu ya mapaja. Nimewapita wengi wakikimbia nami nikitembea. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa nikiisikia methali hiyo tangu chekechea bila kuitii. Itii. Anza taratibu.

Jumapili nilianza karibu na mkia. Usiku ilikuwa imegandisha, nyasi juu ya chaki zilikuwa zinateleza kama sabuni, na kwenye mteremko wa tatu nilianguka, goti likachanika kwenye jiwe la gumegume. Niliinuka. Kule Birling Gap upepo ulinigeukia mgongoni, na msituni nikaanza kuwapita wale waliotoka kama mimi mwaka jana. Wanawake kumi na mmoja nimewahesabu.

Yule mtu wa klabu alikuwepo mwisho wa njia. Akanipa mkono, hakusema neno, nami sikumdai. Mume wangu alikuwa na thamosi ya chai ya tangawizi na mahamri yaliyofungwa kwa kitambaa. Alinyoosha mkono anibandue namba. Nikamwambia ngoja. Nikavua glavu, nikafungua pini zote nne mwenyewe.