Mita 800 za ukumbini: usikae nyuma ukingoja kengele

Usikae nyuma. Nimesoma maswali yako matatu, yaani viatu gani ununue, kikohozi cha baada ya mbio za ukumbini kinatulizwaje, na kama umaliziaji wako wa mita 150 za mwisho utakutosha kwenye fainali ya kanda wiki mbili zijazo. Nilipofika kwenye hilo la tatu nikaweka kikombe cha chai chini, kwa sababu maneno uliyoyaandika, "nitawaacha wachoke kisha niwapite", ndiyo yale yale niliyomwambia mama yangu kwa simu nilipokuwa mwaka wa pili chuoni huko Marekani. Mama, kwa upande wake, alitaka tu kujua, ikiwa tunakimbia ukumbini, meza na viti vya wageni vimewekwa wapi.

Mimi pia nililelewa na viwanja vya udongo vya mita 400, ambako ukitoka kwenye kona ya mwisho unaona uwanja mrefu mbele yako na unapata muda wa kuchagua wa kumpita. Ukumbini, yaani ndani ya jengo, mzunguko ni mita 200, hivyo katika mita 800 utapinda kona 8 badala ya 4, na sehemu iliyonyooka ni fupi kiasi kwamba ukianza kumpita mtu, kona inakukuta ukiwa bado begani kwake. Hapo unalazimika kukimbia njia ya pili, ambayo inakuongezea takriban mita 3 kwa kila kona. Juu ya hayo, kona zenyewe zimeinuliwa upande wa nje, kwa hiyo anayepita kwa nje anapanda mlima huku mwenzake wa ndani akibaki chini.

Nilijifunza haya katika fainali kama hiyo yako. Mita 400 za kwanza zilipita kwa sekunde 66, mwendo ambao hata mimi niliuona wa matembezi, nami nilikuwa wa tano, nimetulia, najisifu kwa subira. Mzunguko wa tatu nilijaribu kupita, nikasukumwa kwa kiwiko hadi juu ya mwinuko, nikarudi nyuma. Nikajaribu kwa ndani, nikajikuta nimefungiwa kati ya wasichana wawili ambao hawakuwa na haraka yoyote ya kunifungulia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia bado nilikuwa wa tano. Nilimpita mmoja, nikakimbia kona ya mwisho kwa nje, na nikamaliza wa nne, nikiikosa medali kwa thuluthi moja ya sekunde, yaani kama mita 2, wakati kwa hesabu yangu nilikuwa nimetupa mita 9 kwenye kona tatu nilizozikimbia njia ya pili. Nilivuka mstari nikiwa na nguvu za kutosha kuhamisha kabati.

Medali siyo hasara kubwa. Mashindano ya kitaifa ya vyuo ya daraja la kwanza huchukua wanawake 16 wenye muda bora wa msimu katika mita 800, nami nilihitaji kupunguza chini ya sekunde moja tu ili niingie kwenye orodha hiyo. Ile ndiyo iliyokuwa nafasi yangu ya mwisho, na niliitumia kujikinga na upepo nyuma ya wenzangu ndani ya jengo lisilo na upepo.

Aliyenipotosha alikuwa mshauri mmoja wa nyumbani, mjuzi wa kila kitu, aliyenitumia video ya fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya Athens 2004, ambamo Kelly Holmes wa Uingereza alianza nyuma na akashinda kwa kumaliza vizuri, huku Maria Mutola wa Msumbiji akiishia wa nne. Hakunitajia kwamba mbio hizo zilikuwa za nje, wala kwamba Mutola huyo huyo alitwaa ubingwa wa dunia wa ukumbini wa mita 800 mara 7, kuanzia 1993 hadi 2006. Bwana yule hajaingia ukumbini ila kwa harusi, na hata huko nina hakika hukaa viti vya nyuma akingoja wengine wachoke ndipo afuate pilau.

Angalia fainali ya mita 800 ya ubingwa wa dunia wa ukumbini, Portland 2016: Francine Niyonsaba wa Burundi alishinda kwa 2:00.01, Ajeé Wilson wa Marekani akafuata kwa 2:00.27. Tofauti hiyo haifiki mita 2. Kona moja tu kwa nje inakula zaidi ya hapo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukifika mita 400 uwe wa kwanza au wa pili, tena umeshika mstari wa ndani. Usiseme utaangalia mbio zinavyokwenda; mimi niliziangalia vizuri sana, nilikuwa na nafasi nzuri ya kuona migongo yote minne. Mwombe kocha wako akupe wiki hii mita 300 mara nne, mita 80 za mwanzo kwa nguvu kana kwamba ndiyo mwisho wa mbio, kisha utulie katika kasi yako ya fainali, maana vita ya ukumbini iko pale mnaporuhusiwa kutoka kwenye njia zenu na kuingia ndani. Akikuambia kwamba mazoezi hayo yatakuharibia umaliziaji, muulize atakupitisha wapi.