Kabla hujachora mstari: kwa mnaoanza kazi ya mipango miji Tanga

Ukiripoti kazini utapewa meza, kiti kilicholegea mguu na ramani ya jiji. Ramani iache kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa kuhesabu magari kwenye makutano fulani ya Ngamiani, siku tatu, alfajiri hadi magharibi. Fomu ilikuwa na safu za daladala, bajaji, pikipiki, magari madogo na malori. Siku ya pili, mama aliyekuwa akikaanga mihogo pembeni yangu akaniuliza, "Mwanangu, unaandika nini tangu jana?"

"Nahesabu vyombo vya usafiri, mama."

Akaikodolea macho ile karatasi. "Baiskeli ziko wapi?"

Sikuwa na safu ya baiskeli. Tanga hii, ambako mzee anaendea msikitini kwa baiskeli na muuza samaki amefunga tenga nyuma ya kiti! Kabla sijajibu akaongeza: "Na mimi nimetoka Makorora kwa miguu, beseni kichwani. Sikupita?"

Fomu haikuwa yangu, lakini siku mbili zile niliijaza bila kuitilia shaka, na hilo ni langu. Barabara tuliyokusudia kuipanua ingewafaa malori, halafu ingemlazimu yule mama kuvuka njia pana zaidi na beseni lake.

Shuleni tulifundishwa usafiri muhula mmoja, matumizi ya ardhi muhula mwingine, na mitihani tofauti. Kazini pia utakuta meza tofauti: halmashauri ya jiji inapanga viwanja, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ina barabara za mitaani, na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ina barabara kuu na za mkoa. Mwananchi hazijui meza hizo. Anajua soko liko hapa, zahanati iko kule, na katikati kuna safari. Kila kiwanja unachokipangia matumizi umekizalisha safari, hata kama barabara hukuichora. Tazama Kange: mabasi ya mikoani yanashushia huko, nje ya mji, na abiria mwenye mabegi anahitaji bajaji ya kumfikisha Chumbageni. Bajaji zinahitaji pa kusubiri, madereva wanahitaji chai, na mama lishe anahitaji kivuli na maji. Usipovipangia nafasi vitajipangia vyenyewe, na vitajipanga barabarani.

Mambo haya si mapya hapa. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Mpaka leo reli imekaa kati ya mji wa bandarini na Ngamiani, na anayetoka upande mmoja kwenda wa pili anaijua sehemu ya kuvukia kuliko anavyoijua ofisi yako.

Sasa mikutano na wananchi. Wa kwanza niliuitisha saa nne asubuhi, siku ya kazi. Walikuja wastaafu, wajumbe wa serikali ya mtaa na vijana wawili waliodhani kuna posho. Wa pili niliuweka baada ya swala ya alasiri, kwenye uwanja, si ofisini, na mwenyekiti wa mtaa akatangaza kwa kipaza sauti siku mbili kabla. Akina mama walijaa.

Usianze kwa kuuliza "mnataka barabara ipite wapi?" Kila mtu atataka lami ipite mlangoni kwake, ila isimguse ukuta. Uliza: jana uliamkia wapi, ukaenda wapi, ulilipa nauli ngapi, wapi uliogopa kupita? Majibu yake ndiyo ramani.

Na ujue kinachowatisha. Wakikuona na kofia ngumu wanaona X, ile alama inayopakwa ukutani kwenye nyumba ya kubomolewa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Waliojenga kabla ya sheria hiyo, wakaangukia katikati ya vipimo hivyo viwili, ndio wenye hoja nzito, na ndiyo maana watu hutofautisha X ya kijani, yenye fidia, na nyekundu isiyo nayo. Lieleze hilo mwanzoni kabisa, kwa kupima kwa futi kamba mbele yao. Mkutano wangu mmoja ulivunjika kwa sababu nililiweka mwishoni.

Halafu rudi. Wengi hawarudi, wanadhani karatasi ya mahudhurio imetosha. Rudi na mchoro, uonyeshe lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Niliporudi, yule mama wa mihogo aliinamia mchoro muda mrefu, mikono ikinuka mafuta. Akaweka kidole pale tulipochora kituo cha daladala.

"Hapa masika panajaa maji."

Nikatoa kalamu.