SSD ya NVMe inayopotea kompyuta ikiwa imetulia

Ndugu, umesema laptopu yako ya Linux ukiiacha kidogo, SSD (diski ya kuhifadhia data; yako ni ya aina ya NVMe) inatoweka na mafaili yanabaki ya kusomwa tu hadi uzime na kuwasha. Usikimbilie dukani. Kwenye terminal andika sudo dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kernel (kiini cha Linux); ukiona "controller is down; will reset: CSTS=0xffffffff", mshukiwa wa kwanza ni fimwea ya diski (programu iliyo ndani ya diski yenyewe): inaifanya diski ijilaze usingizi mzito kuokoa umeme, kisha kernel ikiiita, haiitiki.

Nakili data zako kwanza. Halafu fungua kwa sudo faili la mipangilio ya kuwashia Linux, /etc/default/grub, na kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ndani ya alama za nukuu, ongeza:

nvme_core.default_ps_max_latency_us=0

Endesha sudo update-grub (kwa Ubuntu na Debian), uwashe upya. Hiyo sifuri inaizuia diski kujilaza yenyewe. Chaji itaisha upesi kidogo, lakini heri hivyo kuliko kupoteza kazi.

Tatizo likikoma, umempata mchawi. Tafuta fimwea mpya kwa mtengenezaji wa diski. Asipokuwa nayo, wapelekee watunzaji wa draiva ya NVMe (sehemu ya kernel inayoongea na diski) jina la modeli ya diski yako: ndani ya pci.c, faili la msimbo wa draiva hiyo, wana orodha ya diski korofi, kila moja na namna ya kukwepa kasoro yake. Lisipokoma, turushie hiyo dmesg nzima hapa.