Goti la Mbuni Liko Wapi?

Maswali ya safari hii yamemwandama mbuni tu. Nahisi yametoka kwenye baraza moja la kahawa, ila hayo si yangu.

Mbona goti la mbuni linakunjika kwa nyuma? (Ngamiani, Tanga)

Halikunjiki kwa nyuma. Unachokiona katikati ya mguu ni kifundo, pale penye kisigino chako wewe. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya ubavuni, na linakunjika kama lako. Huamini? Mtazame kuku wa supu. Kile kipande cha nyama chini ya paja ndicho muundi. Mfupa wa magamba unaofuata, ambao wengi hudhani ni muundi, ni mifupa ya wayo iliyoungana ikasimama wima. Mbuni ni hivyo hivyo, ila ana kilo 100 na zaidi, zote zinabebwa na vidole.

Ni kweli ana vilegesambwa viwili? (Muheza)

Kweli. Kilegesambwa ni kile kifupa cha mbele ya goti, naye anavyo viwili kwa kila goti, kimoja juu ya kingine. Emu wa Australia, ndugu yake, hana hata kimoja cha mfupa.

Vimiguu vyembamba vile vinamkimbizaje kilomita 70 kwa saa? (Pangani)

Wembamba ndio siri. Misuli mizito imerundikana pajani na juu ya muundi. Kuanzia kifundoni kushuka chini ni mfupa, ngozi na kano ndefu. Mguu mwepesi upande wa chini hurushwa upesi, na kano hizo hutanuka mguu ukikanyaga, kisha hujikunja na kurudisha sehemu ya nguvu. Vidole navyo vimebaki viwili. Emu na kasuari, ndege mwingine mkubwa asiyeruka, wana vitatu.

Teke lake huenda wapi? (Handeni)

Mbele, likishuka, na ukucha wa kidole kikubwa ndio unaopasua. Ukimwona katika hifadhi ya Mkomazi, baki garini.

Makinda yangu ya mbuni yanapinda miguu. Nifanyeje? (Korogwe)

Anza na sakafu. Inayoteleza huwatawanya miguu, basi tandika kitu kinachoshika. Mchanga mtupu hapana, wataula uwazibe tumbo. Halafu chakula: ukiwanenepesha haraka, uzito huitangulia mifupa. Wape nafasi wakimbie kila siku. Muundi ukishajisokota, bandeji haisaidii sana, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo pale kinda wa kwanza anapoanza kuchechemea.