Incesticide ya Nirvana ni mkusanyiko

Kuna wanaouliza kama Incesticide ni albamu ya tatu ya studio ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani. Hapana, haihesabiwi hivyo. Hiyo ni In Utero ya 1993. Incesticide ilitoka Desemba 1992 ikiwa mkusanyiko wa demo (rekodi za majaribio), singo na nyimbo walizorekodi BBC. Sikiliza dramu tu utajua: Dale Crover kapiga kwenye demo za 1988, Chad Channing yumo, Dan Peters wa bendi ya Mudhoney yuko kwenye “Sliver”, na Dave Grohl anasikika kwenye rekodi za BBC. Albamu ya studio gani ina wapiga dramu wanne? Ila wimbo “Polly” wa humu msiuchanganye na ule wa albamu yao ya Nevermind. Huu wa hapa unakwenda mbio, na mimi naupenda zaidi.