Maswali ya Wasomaji: Mbalamwezi, Dagaa na Futari ya Kigoma

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mama lishe hapa Kibirizi, Kigoma. Zikifika siku za mbalamwezi wavuvi hulala nyumbani, dagaa huadimika na bei hupanda. Mume wangu, ambaye ni mvuvi, husema kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia huufunika kidogo kidogo, ndipo giza linarudi na kazi inaanza upya. Je, ni kweli? Na kwa nini mwezi huchelewa zaidi kuchomoza kila usiku?

Jibu: Mpe mumeo salamu zetu, mama, na umwambie kwamba kuhusu giza na dagaa hatuna la kumfundisha, ila kuhusu kivuli tunatofautiana naye. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe, bali huakisi mwanga wa jua. Wakati wote nusu yake inayoelekea jua huwa imeangazwa na nusu ya pili huwa gizani, kama ilivyo kwa dunia yetu yenye mchana upande mmoja na usiku upande mwingine. Kinachobadilika kadiri mwezi unavyoizunguka dunia ni kiasi cha ile nusu angavu kinachoonekana kutoka hapa tulipo.

Jambo hili unaweza kulijaribu nyumbani umeme ukikatika. Washa chemli, iweke juu ya kabati ikaribiane na usawa wa kichwa chako, kisha shika chungwa kwa mkono ulionyooka, ukiliinua juu kidogo ya kichwa, na ujizungushe taratibu pale pale ulipo. Ukiielekea taa utaona upande wa chungwa ulio na giza, na huo ndio mwezi kabla haujaandama. Ukigeuka robo mzunguko utaona nusu yake imeangazwa, na ukiipa taa mgongo chungwa lote litang'aa mbele yako kama mwezi mpevu, wala kivuli chako hakitakuwa kimeligusa. Sasa, ukiwa bado umeipa taa mgongo, literemshe chungwa hadi usawa wa kichwa. Kivuli cha kichwa kitalifunika, na huko ndiko kupatwa kwa mwezi, tukio ambalo mumeo amelichanganya na kupungua kwa kila mwezi. Halitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya dunia kuzunguka jua, kwa hiyo mara nyingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli chetu. Tarehe 7 Septemba 2025 ulipita ndani yake hasa, na waliokuwa na anga safi nchini waliuona ukiwa mwekundu kuanzia saa 2:30 usiku hadi karibu saa 4 kasoro dakika 8.

Kuhusu kuchelewa, simama ufukweni Kibirizi jioni ya mwezi mpevu. Jua linazama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na karibu wakati huo huo mwezi unachomoza nyuma ya vilima vya upande wa mji, nawe uko katikati yao. Kesho yake jioni dunia itakuwa imejizungusha mara moja, lakini mwezi nao haukukaa ukiisubiri. Kwa kila siku moja husogea kuelekea mashariki, na ukilinganishwa na jua huwa umeliacha kwa nyuzi kama 12 zaidi. Kwa kuwa dunia huhitaji dakika 4 kujigeuza kwa nyuzi 1, huhitaji takriban dakika 50 za ziada ili kuufikia mwezi ulipohamia.

Hesabu hiyo wavuvi huifanya bila kalamu. Karabai, na siku hizi taa za betri, huwavuta dagaa pale tu ambapo ndiyo mwanga pekee juu ya maji, na dagaa wakikusanyika migebuka huwafuata ili kuwala. Mwezi mpevu unapoangaza ziwa zima, taa ya mtumbwi haina cha kuwavutia. Siku ya tatu baada ya hapo mwezi huchomoza kama saa tatu na nusu usiku, na hivyo mvuvi huwa na saa mbili na nusu za giza kabla haujatoka. Kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu, basi weka akiba yako ya dagaa wakavu kwa kalenda hiyo.

Swali: Kwa nini sisi wa Ujiji tunasikia redioni watu wa Dar es Salaam wakifuturu, na sisi bado jua linatuchoma?

Jibu: Kwa sababu dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na Dar es Salaam iko mashariki yenu kwa karibu nyuzi 10 za longitudo. Zidisha kwa dakika 4 utapata dakika zipatazo 39, ambazo huongezeka au kupungua kidogo kulingana na majira. Treni ya reli ya kati hutumia zaidi ya siku nzima kwa safari ambayo machweo huimaliza kabla chai haijapoa vizuri.

Liko jambo jingine ambalo watu wa magharibi ya nchi hulisahau. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haugusi Tanzania popote na hupita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo Kigoma jua hufika kileleni karibu saa saba mchana, wala si saa sita, na huchomoza karibu saa moja asubuhi. Tabora wao wako katikati, wakifuturu kama dakika 26 baada ya Dar es Salaam. Muda wenu wa kufunga hauzidi wa wengine kwa kiasi cha kulalamikia, kwani mnachelewa kufuturu kama mlivyochelewa kupambazukiwa.

Swali: Mbona mwezi mwandamo kwetu hulala kama mtumbwi, lakini kwenye picha za Ulaya husimama kwa ubavu?

Jibu: Upande wa mwezi unaong'aa huelekea jua lilipo. Kigoma iko chini ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ambako jua huzama karibu wima, kwa hiyo mwezi unapoandama jua huwa chini yake na kuuangaza kutoka chini. Ulaya jua huzama kwa mshazari, likauacha mwezi pembeni, nao ukaangazwa ubavuni.