Postdoc ya kemia ya kitabibu: usiombe yoyote tu

Dada yangu, umeuliza kama ukimaliza uzamivu wa baiokemia hapo Makerere uombe postdoc (mafunzo au utafiti wa baada ya uzamivu) yoyote ya Marekani, mradi ina neno "kemia". Hapana. Ya utafiti itakupa machapisho, haitakuandaa kuongoza maabara ya hospitali. Tafuta mafunzo yaliyoidhinishwa na ComACC, tume ya Marekani inayokagua mafunzo ya kemia ya kitabibu, yaani upimaji wa kemikali katika damu na mkojo wa wagonjwa: kwa kawaida ni miaka 2, kisha unalenga mtihani wa ABCC, bodi ya Marekani ya kemia ya kitabibu.

Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kujibu madaktari. Potasiamu ya damu imesoma milimoli 7.5 kwa lita, kiwango cha hatari, lakini mgonjwa anatembea anacheka. Je, ni figo zinazoumwa, au ni sampuli iliyorushwarushwa kwenye boda kutoka kituo cha afya? Itoe kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu, uitazame: seramu (maji ya damu yanayobaki juu) ikiwa nyekundu, chembe za damu zimepasuka na kumwaga potasiamu, agiza damu nyingine upesi. Seramu safi nayo isikulaghai. Damu iliyokaa saa nyingi bila kutenganishwa hupandisha potasiamu vilevile.

Kwa hiyo omba kujitolea upande wa kemia pale hospitali ya Mulago, ushike chati za udhibiti wa ubora kwa mikono yako. Na viza ulizia kabla hujatuma maombi, maana si kila programu hudhamini wageni.